Tusimsahau Jaji Kiwanuka na hati ya mfungwa

MTU atokaye kisiwani Mombasa, akavuka daraja la Nyali na kuifuata barabara ya Malindi mpaka Shanzu, katika eneo la Kisauni, atakuta taasisi tatu ambazo ni nadra kuwa majirani. Lipo gereza la Shimo la Tewa, ipo mahakama, na kipo chuo cha walimu. Katika sehemu ndogo kama ile hupatikana mtu aliyefungiwa, mtu mwenye uwezo wa kuuliza kwa nini amefungiwa, na mtu atakayewaeleza watoto wetu uhusiano wa hao wawili. Huyu wa tatu ndiye ninayetaka kuzungumza naye leo, pamoja na wanafunzi wake.

Kwa miaka mingi sasa wakazi wa bara ya Mombasa, yaani Likoni, Kisauni na Changamwe, wamekuwa wakivutana kuhusu jambo moja. Vijana waliojihami kwa visu na mapanga wamewavamia wapita njia na wenye maduka, wakawaumiza na hata kuwaua. Kwa upande mwingine, wapo wazazi ambao watoto wao walichukuliwa na watu wasiojitambulisha, wakabaki kuzunguka kutoka kituo kimoja cha polisi hadi kingine bila kupewa jibu. Pindi mambo haya yatajwapo barazani, hakosekani mtu mzima mwenye heshima zake atakayesema kwamba haki za washukiwa ni anasa ya mawakili, na kwamba mhalifu hastahili hata kuonwa na jaji. Hasira yake naielewa. Aliyekatwa panga akienda kazini alfajiri hawezi kutulizwa kwa visa vya sheria. Hata hivyo, kauli hiyo ina hatari kubwa kwa yeye mwenyewe aisemaye, na ili kuionyesha hatari hiyo nitasimulia maisha ya mtu mmoja aliyelipa kwa roho yake kwa sababu aliamuru mfungwa aletwe mahakamani. Mtu huyo ni Benedicto Kiwanuka wa Uganda.

Kwanza tuifahamu hati yenyewe. Wanasheria huiita habeas corpus, maneno ya Kilatini yanayomwamuru aliyemshika mtu aje naye mzima mbele ya jaji. Jaji anayeitoa hati hiyo haulizi kwanza kama mfungwa ni mwema au mwovu. Huuliza mambo mawili tu: mtu huyu yuko wapi, na ni sheria gani iliyokuruhusu kumshika. Mzigo wa kujibu humwangukia mshikaji, wala si mshikwa. Akileta sababu ya kisheria, mfungwa hurudishwa rumande na kesi yake ikaendelea kwa njia ya kawaida. Akikosa sababu, mfungwa huenda zake. Kwa hiyo, hati hii haimwachilii mhalifu aliyeshikwa kwa haki. Humzuia tu mwenye nguvu asiwe mkamataji, mwendesha mashtaka, jaji na bwana jela kwa wakati mmoja.

Asili yake ni Uingereza, ambako bunge liliitungia sheria maalumu mwaka 1679. Mwaka 1772 ndiyo iliyotumiwa mjini London kumwokoa James Somerset, Mwafrika mtumwa aliyekuwa amefungwa minyororo ndani ya meli ili apelekwe Jamaica kuuzwa. Jaji Mansfield aliamuru aletwe mahakamani, kisha akamwachilia kwa sababu haikuonekana sheria ya Uingereza iliyomruhusu bwana kumtoa mtumwa nchini kwa nguvu. Sisi tunaoishi karibu na Frere Town, kijiji kilichoanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, na ambacho kengele yake ndiyo iliyolipa eneo la Kengeleni jina, tuna kila sababu ya kuielewa thamani ya uamuzi wa namna hiyo.

Sasa tumrudie Kiwanuka. Alizaliwa Mei 1922 kijijini Kisabwa, katika jimbo la Buddu upande wa Masaka, katika nchi ya Buganda. Wazazi wake hawakuwa wa ukoo wa kifalme, na katika Buganda ya siku hizo jambo hilo lilikuwa na uzito mkubwa. Vita vya Pili vya Dunia vilimkuta kijana. Akajiunga na jeshi la Mwingereza mwaka 1942, akatumikia hapa Kenya na kule Mashariki ya Kati, na kuachishwa mwaka 1946 akiwa na cheo cha sajini meja. Aliporudi nyumbani alipata kazi ya ukarani na ukalimani katika Mahakama Kuu mjini Kampala. Yamkini huko ndiko alikoonja kwa mara ya kwanza ladha ya sheria, kwani mkalimani wa mahakama husimama baina ya jaji asiyeijua lugha ya mshtakiwa na mshtakiwa asiyeijua lugha ya jaji.

Hakutosheka na ukalimani. Mwaka 1950 alikwenda Basutoland, nchi inayoitwa Lesotho siku hizi, kujiendeleza kimasomo, na miaka miwili baadaye akavuka bahari kwenda London kusomea sheria. Alifuzu kuwa wakili mwaka 1956, akiwa na umri uliozidi miaka 30, akarudi Kampala kufungua ofisi yake. Wanafunzi wanaodhani kwamba aliyechelewa shuleni amekwisha kupitwa na dunia wauzingatie umri huo.

Siasa ilimvuta upesi. Mwaka 1958 alichaguliwa kuwa kiongozi wa chama cha Democratic Party, ambacho wafuasi wake wengi walikuwa Wakatoliki waliohisi kuwa wametengwa na utawala wa Mengo. Uchaguzi wa Machi 1961 ulipofika, serikali ya Kabaka iliwataka Waganda waususe. Kiwanuka alikataa, akashiriki, na chama chake kikapata viti vingi zaidi bungeni ingawa chama cha Milton Obote kilipata kura nyingi zaidi nchini kote. Akawa Waziri Kiongozi, na mnamo Machi 1, 1962, Uganda ilipopewa madaraka ya ndani, akawa Waziri Mkuu wa kwanza wa nchi hiyo. Enzi yake haikudumu hata miezi miwili. Katika uchaguzi wa Aprili mwaka uo huo Obote aliungana na chama cha Kabaka Yekka, wakamshinda, na uhuru wa Oktoba 9, 1962, ukapokewa na wengine.

Hapa ndipo msomaji anapoweza kuupima utu wa mtu. Kiwanuka alikubali kushindwa, akarejea katika uwakili na uongozi wa upinzani. Muungano uliomshinda ulivunjika kwa ugomvi. Mwaka 1966 Obote alilipindua katiba, jeshi likalivamia kasri la Kabaka, na Kabaka Mutesa akakimbilia Uingereza. Katika msukosuko huo alikamatwa Michael Matovu, chifu mkuu wa Buddu, jimbo lile lile alikozaliwa Kiwanuka. Ombi la habeas corpus likapelekwa Mahakama Kuu kwa niaba yake.

Walimu wa sheria katika Afrika Mashariki yote huifundisha kesi hiyo mpaka leo, na inafaa wanafunzi wa shule nao wasikie habari zake. Jaji Mkuu Udo Udoma, aliyekuwa Mnaijeria, pamoja na wenzake wawili, waliona kwamba karatasi za ombi zilikuwa na kasoro nyingi, lakini wakaamua kuzipuuza kasoro hizo kwa sababu uhuru wa binadamu ulikuwa hatarini. Hilo lilikuwa jambo la kuwapongeza. Hata hivyo, walipofika katika kiini cha kesi, walisema kwamba mapinduzi yaliyofaulu huzaa sheria mpya, kwamba katiba ya 1966 ilikuwa halali, na kwa hiyo Matovu hakuwa na budi kubaki kizuizini. Mlango wa mahakama ulikuwa umefunguliwa kwa ukarimu, lakini aliyeingia alitoka vile vile alivyoingia.

Zamu ya Kiwanuka mwenyewe ilifika. Mwishoni mwa mwaka 1969, baada ya Obote kupigwa risasi na kunusurika, vyama vya upinzani vilipigwa marufuku na viongozi wake wengi wakatiwa kizuizini bila ya kushtakiwa. Kiwanuka alikuwa miongoni mwao. Aliyekuwa Waziri Mkuu, aliyekuwa wakili, aliyekuwa mkalimani wa Mahakama Kuu, sasa alikuwa mahabusu ambaye hajui siku ya kutoka. Alibaki humo mpaka Januari 1971, Jenerali Idi Amin alipoipindua serikali na kuwaachilia mahabusu wa kisiasa huku umati ukimshangilia.

Katikati ya mwaka huo Amin alimteua Kiwanuka kuwa Jaji Mkuu, Mganda wa kwanza kushika wadhifa huo. Wapo waliomlaumu kwa kuikubali kazi kutoka kwa mwanajeshi aliyetwaa nchi kwa bunduki, na sioni kwamba lawama hiyo ni ya kupuuzwa. Tayari askari walikuwa wamepewa uwezo wa kukamata raia, na tayari watu walikuwa wakitoweka. Jaji anayekaa chini ya serikali ya namna hiyo huipa sura ya uhalali, apende asipende. Mtetezi wake naye angejibu kwamba kiti hicho kisingebaki kitupu. Kama si yeye, angekikalia mwingine ambaye huenda angeandika lolote aliloamriwa. Nionavyo mimi, mtu wa namna hii hahukumiwi kwa siku aliyokikalia kiti, bali kwa siku aliyotakiwa kuchagua baina ya kiti na kiapo.

Siku hiyo ilifika Septemba 1972. Tukumbuke hali ilivyokuwa. Mwezi uliotangulia Amin alikuwa amewapa Waasia siku 90 wawe wameondoka Uganda, na kwa kuwa wengi wao walikuwa na pasipoti za Uingereza, uhusiano wa nchi hizo mbili ulikuwa umechafuka kabisa. Katika mazingira hayo, mfanyabiashara mmoja Mwingereza aliyeitwa Stewart alikamatwa na wanajeshi na kuwekwa ndani. Ombi la habeas corpus likapelekwa mahakamani, na Jaji Mkuu Kiwanuka akalisikiza yeye mwenyewe.

Ebu tumtafakari mfungwa huyu. Hakuwa ndugu wa jaji, wala mfuasi wa chama chake, wala Mkatoliki mwenzake wa Buddu. Alikuwa raia wa taifa lililokuwa limeitawala Uganda, katika mwezi ambao kumtetea Mwingereza kungeweza kuitwa usaliti. Laiti Kiwanuka angetafuta kisingizio, asingekikosa. Karatasi za ombi haziishi kasoro kwa mtu anayezitafuta. Badala yake aliamua kwamba wanajeshi hawakuwa na mamlaka ya kisheria ya kumshika mtu yule, na akaamuru aachiliwe. Alimpa mgeni asiyependwa kile ambacho yeye mwenyewe hakukipata alipokuwa kizuizini.

Amin alighadhibika. Mnamo Septemba 17 wafuasi wa Obote waliivamia Uganda kutoka Tanzania, wakashindwa, na uvamizi huo ukawa sababu ya kuwamaliza wote walioshukiwa. Asubuhi ya Alhamisi, Septemba 21, 1972, watu wenye silaha waliingia katika jengo la Mahakama Kuu mjini Kampala, wakamkamata Jaji Mkuu katika ofisi yake, wakamtia ndani ya gari na kuondoka naye mchana kweupe. Hakuonekana tena. Serikali ilidai kwamba alitekwa na wapinzani wake, dai ambalo hapakuwa na mtu wa kuliamini. Aliuawa akiwa na umri wa miaka 50, na mwili wake haujapatikana mpaka leo. Mwezi uliofuata alichukuliwa Frank Kalimuzo, mkuu wa Chuo Kikuu cha Makerere, naye akapotea vivyo hivyo. Walimu na wanafunzi walitambua wakati huo, wakiwa wamechelewa, kwamba jaji akiondolewa njiani, darasa ndilo linalofuata.

Hebu tuyapange mambo hayo kwa utaratibu, kwani ndani yake mna funzo. Mwaka 1966 waliokamatwa walikuwa machifu wa Buganda, na wengi waliokuwa mbali na Buganda walinyamaza. Mwaka 1969 walikamatwa wapinzani, na waliokuwa serikalini walinyamaza. Mwaka 1971 walianza kutoweka wafuasi wa Obote, na waliowahi kuumizwa na Obote walinyamaza. Kila kundi liliona kwamba zamu ni ya wengine, na kwamba hao wengine walistahili. Septemba 1972 ilipofika, yule ambaye kazi yake ilikuwa kuwaulizia waliopotea alipotea yeye, na asibaki wa kumwulizia. Amin mwenyewe aliunda tume mwaka 1974, chini ya Jaji Mohamed Saied, kuchunguza habari za waliotoweka. Tume ilifanya kazi yake, lakini utawala ule uliendelea kuua mpaka ulipong'olewa Aprili 1979.

Kuna atakayesema kwamba hayo ni ya Uganda ya zamani. Namwomba asivuke mpaka haraka hivyo. Reli inayopita Changamwe haikubeba mizigo ya Uganda peke yake. Sheria zetu nazo zilitoka katika bohari moja. Kenya nayo iliwaweka watu kizuizini bila ya kuwashtaki kuanzia miaka ya 1960, chini ya sheria ya usalama wa umma, na haikuacha kuwa na uwezo huo katika vitabu vyake mpaka marekebisho ya mwaka 1997. Katika miaka hiyo maombi ya habeas corpus yaliyopelekwa mahakamani mara nyingi yaligonga mwamba.

Wala mataifa makubwa hayakusalimika. Nchini Marekani, tangu sheria ya mwaka 1867, mtu aliyefungwa na jimbo anaweza kupeleka ombi kwenye mahakama ya shirikisho akidai kwamba jimbo lilimvunjia haki za kikatiba. Lakini sheria ya mwaka 1996 ilimwekea muda wa mwaka mmoja pamoja na masharti mengine mazito. Mwaka 2008 mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo iliamua kwamba hata wageni waliofungiwa Guantanamo wana haki ya kuipeleka hati hiyo mbele ya majaji. Jambo hilo si geni kwetu. Mkenya mmoja aliyekamatwa hapa Mombasa mwaka 2007 alihamishiwa Guantanamo, akakaa huko zaidi ya miaka 17 bila ya kushtakiwa kwa kosa lolote, akarudishwa nchini Desemba 2024. Haki iliyoandikwa vizuri inaweza kwenda kwa mwendo wa kobe ikiwa mwenye nguvu hana haraka ya kuitii.

Sisi Wakenya tuna maandishi mazuri. Katiba ya mwaka 2010 inasema, katika kifungu cha 49, kwamba aliyekamatwa afikishwe mahakamani katika muda usiozidi saa 24, isipokuwa pale ambapo muda huo unakatikia nje ya siku za kazi za mahakama. Kifungu cha 51 kinampa kila aliyefungwa au kuzuiliwa haki ya kuomba hati ya habeas corpus. Kifungu cha 25 kinaiweka hati hiyo katika orodha fupi ya haki zisizoweza kupunguzwa kwa sababu yoyote, sambamba na haki ya kutoteswa na ya kutofanywa mtumwa. Fauka ya hayo, kifungu cha 22 kinamruhusu mtu kwenda mahakamani kwa niaba ya mwingine asiyeweza kwenda mwenyewe, na kinaagiza kwamba ada isitozwe kwa kuanzisha kesi ya namna hiyo. Maana yake ni kwamba mama wa Likoni ambaye mwanawe amechukuliwa usiku hahitaji kungoja mpaka apate pesa za kulipia kesi ndipo avuke feri na kwenda Mahakama Kuu. Anaweza kuomba polisi waulizwe na jaji yale maswali mawili: yuko wapi, na mmemshika kwa sheria gani.

Ni wanafunzi wangapi wa kidato cha nne katika bara ya Mombasa wanaoyajua hayo? Nahofia ni wachache. Wanajua tarehe za vita vya Ulaya na majina ya wafalme, na ni vyema wayajue. Lakini kijana anayeishi Kisauni, ambako anaweza kuvamiwa na wahalifu asubuhi na kushukiwa kuwa mhalifu jioni, anastahili kufunzwa sheria inayomlinda katika hali zote mbili. Mwalimu wa historia anaweza kuyasimulia maisha ya Kiwanuka katika kipindi kimoja. Mwalimu wa Kiswahili anaweza kuwaachia wanafunzi mjadala: je, jaji alifanya vyema kumwachilia Mwingereza katika wakati kama ule? Wapo watakaopinga, na waachwe wapinge kwa hoja. Mwisho wa mjadala waulizwe swali jingine: ungekuwa wewe ndiwe uliyefungiwa, na nchi nzima inakuchukia, ungependa jaji wa namna gani akusikize?

Kwa yule mzee wa barazani mwenye hasira, nina neno moja la heshima. Anayetaka wahalifu wakomeshwe anahitaji mahakama zaidi ya mtu yeyote, kwa kuwa mshukiwa aliyeuawa kichakani hasemi nani aliyemtuma, nani aliyemuuzia silaha, wala nani aliyenunua simu zilizoibwa. Aliyefikishwa kizimbani, ushahidi ukatolewa na hukumu ikapitishwa, huiachia jamii ukweli wa kushika. Na ikiwa polisi walimkamata mtu asiye na hatia, aliyekata watu panga bado yuko mtaani.

Kuanzia mwaka 2018 idara ya mahakama ya Uganda imekuwa ikimkumbuka Kiwanuka kila Septemba kwa mhadhara maalumu. Hana kaburi ambalo mtu anaweza kwenda kuliwekea ua. Sisi wa upande huu tunaweza kumkumbuka kwa njia nyepesi zaidi, nayo ni kutokubali kusema, hata tukiwa na hasira, kwamba yupo mtu asiyestahili kuletwa mbele ya jaji. Pale Shanzu, mwanachuo anayesomea ualimu huweza kuliona gereza na mahakama kwa mtazamo mmoja. Siku atakayopewa darasa lake, awaeleze watoto kwamba njia fupi iliyopo baina ya majengo hayo mawili ilimgharimu mtu roho yake mjini Kampala, na kwamba kuilinda isizibwe ni kazi yao pia.